Soksi Zangu katika Jumba la Porto

Mwenye kuwajibika kwa aibu iliyotufika ndani ya jumba lile la kale mjini Porto ni mimi, Khamis Makame, mstaafu wa idara ya itifaki, mkaazi wa Lewisham, na nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu katika utumishi wangu nimeona watu wengi mno wakianza na visingizio na kumalizia na majina ya wenzao. Wa pili kuwajibika ni fundi (Mwenyezi Mungu amsamehe, alishafariki zamani) aliyeona vyema kuandika maneno matukufu juu ya kuta za ukumbi wa kuchezea dansi. Wa tatu ni Bwana Yusufali, lakini habari yake nitaifikia kwa utaratibu wake.

Ningependa kunyamaza. Lakini habari hii ilianzia Thornton Heath, ikapanda basi ikafika Peckham, na kila kituo inachopita inaongezewa abiria, hadi Ijumaa iliyopita, natoka zangu msikitini, mtu ninayemheshimu akanishika mkono na kuniuliza kwa sauti ya huruma kama ni kweli niliadhini ndani ya jumba la Wareno. Sikuadhini. Wala si kweli kwamba nilikuwa miguu mitupu (nilikuwa na soksi, na hilo la soksi ndilo baya zaidi, kama mtakavyoona), wala kwamba nilitolewa nje na polisi. Aliyenizuia mlangoni alikuwa mlinzi tu, tena mstaarabu. Kumbukumbu ziwekwe sawa, kisha mcheke kwa haki.

Kazi yangu ya maisha ilikuwa kupokea wageni wa serikali. Nani ashuke kwanza kwenye ndege, nani akae kulia kwa nani, vipi mgeni asiachwe ameshika sahani mkono mmoja na glasi mkono wa pili wakati mtu anamjia kumpa mkono: hayo ndiyo yaliyonilisha na kusomesha watoto wangu. Nilipostaafu, na mama yao akiwa ameshatutangulia mbele ya haki, binti yangu wa mwisho, Salma, ambaye ni muuguzi hapa London, alinichukua nikaishi naye. Mtu wa itifaki asiye na wageni ni kama mwamuzi asiye na mechi. Anabaki kupuliza kipenga nyumbani. Salma ameninyamazia mengi. Nimempangia hata namna ya kuweka viatu vya wageni ukumbini.

Basi Salma akaposwa. Kijana anaitwa Imran, fundi wa lifti, mtu mpole, ananiita Ami, na baba yake ndiye huyo Bwana Yusufali, Mhindi wa Mombasa, mwenye duka la mapazia Thornton Heath, anayezungumza Kiswahili kitamu kuliko baadhi ya jamaa zangu. Mama yake Imran ni Bi Shirin. Huyu ni mama wa maneno machache na macho mengi, na kila mtu katika nyumba ile, pamoja na Bwana Yusufali na lile duka, husubiri kuona Bi Shirin ameonaje.

Walikuja kwetu Lewisham kuleta posa. Nilipanga viti kwa daraja, nikamweka Bi Shirin kulia kwangu, nikasoma hotuba fupi ya makaribisho (Salma anasema haikuwa fupi, na kweli sambusa zilipoa), na mwishowe nikauliza kwa heshima tarehe ya ndoa tuiweke lini. Bi Shirin akaiweka sambusa yake, aliyoila nusu, akasema, "Tujuane kwanza, Bwana Khamis. Haraka ya nini?"

Nimesikia kauli kama hiyo kwenye vyumba vya mazungumzo mara nyingi sana. Maana yake ni hapana, imevalishwa kanzu. Salma alijua pia. Aliosha vyombo vyote jioni ile, hata vile ambavyo havikutumika.

Imran ndiye aliyekuja na dawa. Baba yake hununua vitambaa kwa mfanyabiashara mmoja wa Porto ambaye hawajawahi kuonana uso kwa uso, basi kwa nini tusiende sote, wazee wa pande mbili na wao wawili, siku chache tu, tukatembea pamoja tukajuana kama mama alivyotaka? Tikiti za ndege zilikuwa rahisi kuliko treni ya kwenda Manchester. Mimi niliipokea habari ile kama mtu aliyeitwa tena kazini. Nilijisomea historia ya mji, wafalme, madaraja, na hasa jumba moja kubwa ambalo wafanyabiashara wa zamani walilijenga ili mgeni akiingia tu ajue amefika kwa watu wenye uwezo. Nikajiambia, hapo ndipo Bi Shirin atakapoona binti ya nani anaolewa na mwanawe.

Asubuhi ya kwenda jumbani nilivaa suti nyeusi, tai, na viatu vyangu vya ngozi vya kupokelea marais. Salma akanitazama nikifunga kamba.

"Baba, soksi hizo zina tundu."

"Tundu liko ndani ya kiatu, Salma, na kiatu hakivuliwi."

"Ninazo nyengine kwenye begi. Badilisha basi, dakika moja tu."

"Hatuwezi kumchelewesha Bi Shirin kwa ajili ya kidole kimoja."

Lile jumba ni la kutembelewa kwa makundi, sisi tukapewa zamu ya mwisho, jioni, na mwongozaji wetu alikuwa binti wa Kireno mwenye viatu vya visigino virefu, na mbele yetu na nyuma yetu kulikuwa na watalii wengine, wengi wao wazee wenye kamera shingoni. Tulianza uani, chini ya paa la vioo, tukapanda ngazi za mawe zilizochongwa kama si mawe, tukapita chumba baada ya chumba, na kila alichosema yule binti mimi nilikiongezea. Nilieleza kwa nini kiti kile kina mgongo mrefu na kile kifupi. Nilieleza meza ile ingepangwaje kwa mgeni wa daraja la kwanza. Bwana Yusufali yeye alikuwa anageuza pindo za mapazia kuangalia bitana na kusema peke yake, "Hii kazi, bwana. Hii si ya mashine." Bi Shirin alitembea polepole nyuma, ameshika mkono wa Salma, na mimi nikamhesabia kuwa ni heshima ya mahali.

Kisha tukafika kwenye ukumbi wanaouita wa Kiarabu.

Sijui niueleze vipi. Kuta zote kutoka chini hadi darini zilikuwa dhahabu, na buluu, na nyekundu, zimechongwa nakshi ndogo ndogo kama kofia ya kushona mkono, na ndani ya nakshi zile, tena na tena, herufi za Kiarabu. Nikavaa miwani. Nikasoma. Lilikuwa Jina la Mwenyezi Mungu, halina shaka, limeandikwa kwa dhahabu juu ya vichwa vyetu, na mimi nimesimama kizingitini na viatu vilivyokanyaga mitaa yote ya Porto tangu asubuhi. Hapo ndipo uamuzi mdogo ulipofanyika.

"Jamani," nikasema, "viatu."

"Baba," Salma akaninong'oneza, "huu si msikiti."

"Sijasema ni msikiti. Nimesema kuna Jina."

Bwana Yusufali akainua macho. "Kweli, yakhe, lipo. Na kule lipo. Lipo kila mahali." Na tayari alishainama kufungua kamba.

Imran akamgeukia mama yake. "Mama, wewe si lazima."

Bi Shirin akanitazama. Nami nilikuwa nimeshasimama kama nilivyokuwa nikisimama kiwanja cha ndege, mwili wima, mkono umenyooka kuonyesha njia, na mkono huo ulikuwa unaelekeza chini, kwenye miguu yake. "Bwana Khamis ameshasema," akajibu, akamshika Salma bega, akavua.

Sasa naomba msomaji aliyekulia kwetu anisaidie kueleza linalofuata kwa wale wasiolijua. Sisi tuliosali Ijumaa katika misikiti yenye watu wengi tunajua kwamba kiatu kizuri huingia mlangoni na mtu mmoja na kutoka na mwingine. Kwa hiyo mtu mwenye akili haviachi viatu vyake pamoja. Kimoja anakiweka mlango huu, cha pili anakificha mbali, kwa sababu hakuna mwizi wa kiatu kimoja. Ni mazoea; mkono unafanya wenyewe. Mkono wangu uliacha kiatu cha kulia mlangoni, ukanipitisha pembeni mwa ukumbi na cha kushoto, ukakisukuma nyuma ya jagi kubwa la kauri lenye maua. Nilipogeuka nikamwona Bwana Yusufali anatoka nyuma ya pazia, ananyoosha koti lake kama mtu aliyekwenda kutazama bitana. Tukatazamana, tukaelewana.

Watalii waliokuwa nyuma yetu waliona watu watano wamevua viatu mlangoni kwa utulivu mkubwa, na mmoja wao ana suti na tai. Mtu wa suti na tai akivua viatu, dunia nzima huamini kuna sheria. Walivua wote. Bibi mmoja mrefu alimsaidia mumewe aliyekuwa na mkongojo. Na mwongozaji wetu alikuwa ameshatangulia katikati ya ukumbi, akieleza habari za dhahabu, visigino vyake vikigonga ubao ko, ko, ko, na mimi, mtu niliyefundisha vijana wengi kwamba mgeni hutazama kwanza miguu ya mwenyeji wake kabla ya kuamua lolote kuhusu miguu yake mwenyewe, niliisikia ile ko, ko, ko na nikaiona ni kelele tu.

Aligeuka akakuta kundi zima liko na soksi.

Aliuliza jambo kwa Kiingereza, polepole, na Imran akaniletea kwa Kiswahili ingawa Kiingereza nakijua (kijana alitaka kunipa muda wa kupumua). "Anauliza kama kuna mtu ameumia, Ami."

"Mwambie ni heshima kwa kilichoandikwa ukutani."

Wakasemezana. Imran akarudi na uso wa mtu anayebeba trei ya vikombe. "Anasema anashukuru sana. Ila hapa huchezwa dansi. Na hufanywa karamu."

"Karamu za namna gani?"

"Zote, Ami. Zenye mvinyo pia."

"Mvinyo," akarudia Bwana Yusufali, kwa sauti ile anayoitumia akiambiwa bei.

Niliomba turudi mlangoni tukavae kimyakimya. Haikuwezekana, na hapa nasema wazi kwamba utaratibu wa jumba lile una kasoro: wageni huingia mlango mmoja na kutolewa mwingine, na ule wa kuingilia ulikuwa umeshafungwa kwa sababu jioni ile ukumbi ulikuwa na shughuli na wafanyakazi walikuwa wameanza kuingiza viti. Yule binti akatutuliza. Viatu vitakusanywa vyote na kuletwa chini, kwenye mlango wa kutokea. Tumfuate tu.

Tukamfuata. Mawe ya ngazi zile yana baridi ambayo siwezi kuieleza kwa lugha ya staha. Na tulipofika kwenye kona ya ngazi kuu, tukakutana uso kwa uso na waalikwa wa ile shughuli wanapanda, wanaume wa suti nyeusi na wanawake wa magauni marefu, na hapo hapo kwenye kona amesimama bwana mmoja mnene, mkufu mzito wa cheo kifuani, anawapokea mmoja mmoja kwa mkono. Mimi nilikuwa wa mbele. Nina suti nyeusi. Nina tai. Akaninyooshea mkono.

Mkono wa mwenyeji hauachwi hewani. Hiyo ni kanuni ya kwanza, na ningeivunja tungeokoka, lakini siwezi, nimefunzwa hivyo. Nikaupokea, nikainamisha kichwa kwa kiasi chake, nikasema kwa Kiingereza kwamba ni heshima kubwa kwetu. Macho yake yakashuka mara moja tu. Kidole gumba cha mguu wangu wa kushoto kilikuwa kimetoka chote, kinaangalia huku na huku kama mjumbe aliyechelewa mkutano. Macho yake yakakiona, yakapanda tena, na uso wake haukubadilika hata chembe. Yule mtu alikuwa na mafunzo. Namvulia kofia. Nyuma yangu akapita Bwana Yusufali, kisha Bi Shirin, aliyeweka mkono kifuani na kuinama kidogo, kisha watalii wote wa kundi letu, ambao kila mmoja alimpa mkono yule bwana akidhani imo kwenye tikiti.

Chini, mlangoni, viatu vililetwa ndani ya kreti za plastiki, vimemwagwa kama samaki, na watu wakaanza kuchambua. Wengi walikuwa wanacheka. Yule mwenye mkongojo alinipigapiga begani. Mimi nikapata kiatu changu cha kulia, Bwana Yusufali akapata chake cha kushoto, na hapo tukakumbuka.

Lakini sikupata muda wa kulifikiria hilo, kwa sababu nilimwona Bi Shirin amekaa kwenye benchi la mawe, amefunika miguu kwa pindo za koti lake, na Salma amepiga magoti mbele yake, ameinua pindo hilo kidogo tu, kama anavyofanya muuguzi. Mguu mmoja ulikuwa na bendeji chini ya soksi.

"Alipasuliwa kidole, Ami," Imran akanambia pembeni. "Wiki chache tu zilizopita. Daktari alimruhusu kutembea, lakini kwa kiatu kile laini. Hakutaka mtu ajue."

Nikasogea. Nilikuwa na kiatu kimoja mguuni. "Bi Shirin, mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungeniletea kiti, ukatangaza kwa kundi zima kwa nini nimekaa." Alisema bila hasira, na afadhali angekasirika. "Na kule juu ulisema kuna Jina la Mungu. Nani atabaki na viatu akakubishia? Si ningeonekana sina adabu, mbele ya baba wa binti?"

Salma hakunitazama. Alikuwa anaangalia kama kidonda kimefunguka. Hakikufunguka, alhamdulillahi, ila mguu ulikuwa wa baridi kama zile ngazi, naye akawa anaupasha kwa viganja vyake viwili. "Baba," akasema akiwa ameinama vilevile, "nenda katafute kiatu chako."

Lilikuwa neno la kunifukuza na nililistahiki. Nilijua kuwa mambo yamekwisha. Mimi niliyekuja kuonyesha ubora wa nyumba yangu nilikuwa nimemvua viatu mama mgonjwa, nikamshusha ngazi za mawe kwa soksi, na sababu yake ni kwamba nilipenda kuonekana najua. Kama ningekuwa Bi Shirin, mwanangu asingeoa nyumba ile.

Basi wazee wawili, kila mmoja na kiatu kimoja, tukapanda tena, tunachechemea, Imran nyuma yetu. Mlangoni mwa ukumbi akatuzuia mlinzi. Bwana Yusufali akainua mguu wenye soksi kama ushahidi. Mlinzi akasema neno.

"Anasema viatu vyote vimeshuka," Imran akafasiri.

"Mwambie viwili vimebaki. Kimoja kiko nyuma ya jagi, kimoja nyuma ya pazia."

"Anauliza vimefikaje huko."

"Tuliviweka," nikasema.

"Anauliza kwa nini kimoja kimoja."

Bwana Yusufali akamsogelea. "Mwambie, kwa sababu ya wezi."

"Wezi gani, baba?"

"Wezi wa viatu, wewe! Huwajui? Si ulipoteza makubazi yako Mombasa, tukakubeba mgongoni mpaka kwa nyanya yako?"

Imran alifasiri, sijui alifasiri nini, lakini mlinzi akazungumza na redio yake, kisha akazungumza tena, na redio ikacheka. Akafungua mlango kidogo, akaweka kidole mdomoni.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wamekaa kwa safu, kimya, na yule bwana wa mkufu alikuwa anahutubia. Mimbari yake walikuwa wameiweka, katika ukumbi wote ule mpana, mbele ya jagi langu. Pazia la Bwana Yusufali lilikuwa karibu na mlango. Aliingiza mkono, akatoa kiatu, akamaliza (na huyo ndiye mtu mnayeambiwa alikuwa mtazamaji tu). Mimi ilinibidi nipite mbele ya safu ya kwanza. Nikainama ili nisiwazibe. Nilipokaribia nikaona kuinama hakutoshi, nikashuka magoti, nikatambaa nyuma ya mimbari, suti na tai, nikapitisha mkono nyuma ya jagi, maua yakatikisika, na nikakipata. Hotuba ikasimama. Nikainuka na kiatu mkononi, sina la kufanya, nikamwinamia msemaji kwa kiasi chake.

Walipiga makofi. Nimeandaa hafla nyingi katika maisha yangu na nimesimama nyuma ya wakubwa wengi wakipigiwa makofi. Mimi mwenyewe sikuwahi kupigiwa, hadi siku ile.

Tuliporudi chini Bi Shirin alikuwa ameshavaa viatu vyake. "Makofi yale ya nini?" akauliza. Bwana Yusufali akamweleza yote, na ya kutambaa akayarudia mara mbili, na Bi Shirin akavuta mtandio akafunika uso, mabega yakawa yanatikisika. Sikujua kama ni kilio au kicheko, na itifaki haina kanuni ya kumuuliza mtu.

Njia nzima hadi London hakusema nami zaidi ya salamu. Salma naye alinipa mto kwenye ndege, akageukia dirisha.

Baada ya kimya cha kutosha kunikosesha usingizi, tukaitwa Thornton Heath, kunywa chai juu ya duka. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuomba radhi, nikasimama kuyasema.

"Kaa kitako, Bwana Khamis," akasema Bi Shirin. "Kaa popote."

Nikakaa kwenye kigoda cha kupimia mapazia.

"Siku ile mlipotukaribisha kwenu," akaendelea, "uliniweka kiti cha kulia ukanambia ndicho cha mgeni mkubwa. Nikakaa muda wote sijui kikombe nikiweke wapi. Nikawa najiuliza, huyu mwanangu, siku akikosea mbele ya mtu huyu, atapona kweli? Ndiyo maana nikasema tujuane."

"Una haki," nikasema. "Na sasa umenijua."

"Sasa nimejua unaweza kutambaa."

Salma alikuwa anamimina chai, mkono ukasimama.

"Na huyu," Bi Shirin akamgusa mkono, "alinishika mguu hakuuliza kwanza ni wa nani. Harusi iwe baada ya Idi. Lakini nina sharti moja."

Nikasema sharti lolote.

"Utamwozesha binti yako, hiyo haki yako, hakuna wa kuigusa. Lakini habari za nani akae wapi, nani aingie kwanza, nani ashike kipaza sauti, hapana. Kwa wageni wangu, Bwana Khamis, usinyooshe mkono kuelekeza chochote. Ataongoza baba Imran."

Nilikubali. Salma alikuwa anacheka na kulia juu ya birika, na kwa jambo hilo ningekubali hata kuketi barabarani. Nimeapa pia, na hapa naapa tena kwa maandishi, kwamba sitavua kiatu wala kumvua mtu kiatu kabla ya kuitazama miguu ya mwenyeji, na kwamba kabla ya kumpa mtu heshima nitamuuliza kama anaitaka.

Lakini kukubali hukumu si kunyamazia kasoro zake. Bwana Yusufali alisoma ukutani pamoja nami. Alivua kabla yangu, kwa kuwa kamba zake ni fupi. Alificha kiatu kama nilivyoficha. Na ni yeye, dukani kwake, huku akipima mapazia ya watu, aliyeanzisha habari ya adhana. Kwa hiyo naitaka rasmi familia ya bwana harusi itoe maelezo, mbele ya pande zote mbili na kabla ya siku ya ndoa, kwa nini kati ya watu wawili waliotenda kosa moja, saa moja, ndani ya ukumbi mmoja, mmoja amekabidhiwa kipaza sauti, na mwingine, ambaye ni baba wa bibi harusi, amepangiwa kiti kando ya mlango wa jikoni.